Mazungumzo ya Nyumbani: Nyumba Mbili Pembeni mwa Kijiji



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mbali, nalo ni namna mtu katika Uingereza, aliyekataliwa ruhusa ya kujenga nyumba moja au mbili au tatu mashambani, awezavyo kukata rufaa akashinda. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jamaa zetu wengi wamefanya maskani katika nchi ile, na wako miongoni mwao waliojaliwa kununua kipande cha ardhi kijijini, au nyumba yenye bustani kubwa nyuma yake, kwa nia ya kuwaweka wazee wao au watoto wao karibu nao. Ya pili ni kwamba ndani ya jambo hili mna mafunzo kwa kila nyumba, hata kwa yule asiyetazamia kuvuka bahari: namna mtu mdogo awezavyo kusimama mbele ya wenye mamlaka, bila ya kelele na bila ya kumwendea mkubwa kwa siri, naye akasikilizwa.

Neno letu lote twaweza kulifupisha hivi: rufaa si malalamiko. Rufaa ni kupima upya, na katika kupima hushinda mwenye ushahidi juu ya lile jambo lililobishaniwa, wala si mwenye uchungu mwingi.

Ardhi ni yako, ruhusa si yako

Wengi wetu tumelelewa katika vijiji ambako mtu akirithi shamba kwa babaye, kisha akataka kumwozesha mwanawe, humkatia kipande, akaitwa fundi, na nyumba ikasimama kabla ya masika. Hapana aulizwaye ila jirani wa mpakani. Mwenye mazoea hayo akifika Uingereza hushangaa kuambiwa kuwa ardhi ni yake kwa hati, nyasi ni zake na miti ni yake, lakini haki ya kujenga juu yake si yake mpaka apewe.

Jambo hili lina asili yake. Baina ya vita vikuu viwili, miji ya nchi ile ilikuwa ikitambaa kufuata barabara, nyumba baada ya nyumba, hata mtu hakuweza kujua mji umeishia wapi na shamba limeanzia wapi. Mwaka 1935 ikatungwa sheria ya kuuzuia ujenzi wa namna ile. Kisha ikaja sheria kubwa ya mwaka 1947, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1948, nayo ikaweka kanuni ambayo ndiyo msingi mpaka leo: ujenzi mpya hauna budi kupata ruhusa. Mwaka 1955 serikali ikazihimiza halmashauri ziweke mikanda ya kijani kuizunguka miji, ili miji isimezane.

Basi yule afisa wa halmashauri anayeandika neno la kukataa asidhaniwe kuwa ni adui. Analinda kitu ambacho kikishapotea hakirudi, maana shamba likishajengwa haligeuki tena kuwa shamba. Wala wanakijiji wanaoandika barua za kupinga wasidhaniwe wote kuwa wana chuki na mgeni. Wengine wamezaliwa hapo, wamezoea kuona konde lile mbele ya dirisha lao kwa miaka 50, na hapana mtu asiyeumizwa na mabadiliko mlangoni pake.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Kijiji kisichopata nyumba mpya huzeeka. Vijana waliozaliwa humo hawapati pa kukaa, bei hupanda, skuli hukosa watoto, na duka hufungwa kwa kukosa wanunuzi. Hili si dai la wajenzi peke yao. Sera ya taifa ya mipango, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kurekebishwa mara kadhaa, ikiwamo Desemba 2024, imetambua kuwa nyumba za mashambani zawekwe pale zitakapovitia vijiji uhai, na kwamba nyumba katika kijiji kimoja zaweza kusaidia huduma za kijiji kilicho jirani. Kwa hiyo swali si kujenga au kutojenga. Swali ni hili: nyumba hizi, mahali hapa, faida yake ni ipi na madhara yake ni yapi?

Njia ya rufaa ilivyo

Twazungumza juu ya Uingereza yenyewe, kwani Scotland na Wales zina taratibu zao. Ombi la nyumba chache, yaani zisizofika 10, kwa kawaida halmashauri yatakiwa ilitolee uamuzi katika muda wa wiki 8. Ikikataa, au ikiweka masharti yasiyobebeka, au ikinyamaza mpaka muda ukapita, mwombaji ana haki ya kukata rufaa. Kwa nyumba mpya muda wa kawaida ni miezi 6. Lakini kwa kazi ndogo ya kuongeza chumba katika nyumba ya kukaa muda ni wiki 12 tu, basi mtu asichanganye hesabu hizi mbili, maana aliyechelewa hapokelewi.

Rufaa huenda kwa Idara ya Wakaguzi wa Mipango, ambayo makao yake ni mjini Bristol. Mkaguzi mmoja hukabidhiwa shauri, naye hulitazama lote upya. Si kazi yake kuulizana na halmashauri kwa nini ilikataa, bali ni kuamua mwenyewe kama ruhusa yafaa kutolewa. Njia ni tatu: kwa maandishi, kwa kikao cha kusikilizana, au kwa uchunguzi wa hadhara ambamo mawakili huhoji mashahidi. Mashauri mengi ya nyumba chache huamuliwa kwa maandishi. Mkaguzi huenda kupaona mahali kwa macho yake, lakini mtu asitumaini kumweleza hoja zake pale kiwanjani. Aweza kumwonyesha mti ulipo na mpaka ulipo, basi. Hoja zote ziwe zimekwisha andikwa.

Tena kila upande hujilipia gharama zake. Mwenye kwenda kinyume cha busara, kwa mfano halmashauri iliyokataa bila ya sababu inayosimama, au mkata rufaa aliyeng'ang'ania jambo lisilo na tumaini lolote, aweza kuamriwa amlipe mwenziwe.

Yafaa pia tuliseme jambo moja ambalo watu wengi hawalifahamu. Haki hii ya rufaa ni ya mwombaji peke yake. Jirani aliyepinga, halmashauri ikitoa ruhusa, hana rufaa ya kukata kwa mkaguzi. Hubakiwa na mlango mwembamba wa mahakama, na huko husikilizwa juu ya makosa ya sheria tu. Kwa hiyo mwenye kuomba ameshika upanga ambao jirani yake hakupewa. Mtu mwenye kumcha Mungu na ajue hilo, na haki aliyonayo isimsahaulishe haki za jirani.

Mizani yenyewe

Mkaguzi hapimi kwa hisia zake. Sheria ya mwaka 2004 yasema kwa maana yake kwamba uamuzi ufuate mpango wa maendeleo wa mahali pale, isipokuwa kama kuna mambo mengine yenye uzito yanayoelekeza kwingine. Katika mpango huo vijiji vingi huwa vimechorewa mipaka yake. Ndani ya mpaka, nyumba mpya hukubaliwa kwa wepesi. Nje ya mpaka, hata kwa hatua 10, mahali hapo huitwa mashamba na nyumba hukataliwa. Rufaa nyingi za nyumba chache hutokana na hatua hizo 10.

Miongoni mwa yale mambo mengine yenye uzito, liko moja ambalo laweza kuubadili mwenendo wa shauri. Kila halmashauri yatakiwa ionyeshe kuwa ina viwanja vya kutosha nyumba zinazohitajiwa kwa miaka 5. Ikishindwa kuonyesha, sera ya taifa huinamisha mizani upande wa mwenye kuomba: ruhusa hutolewa, ila madhara yake yawe yamezidi faida zake waziwazi na kwa kiasi kikubwa. Lakini mlango huo haufunguki popote. Katika ukanda wa kijani, katika nchi zilizohifadhiwa kwa uzuri wake, penye hatari ya mafuriko, au karibu na majengo ya kale yaliyohifadhiwa, sera zenyewe za hifadhi zaweza kuwa sababu ya kutosha ya kukataa.

Wala mtu asidanganyike kwamba mizani ikishainama shauri limekwisha. Nyumba 2 ni faida ndogo katika wilaya inayohitaji maelfu. Faida ndogo huzidiwa na madhara ya wastani, na kwa sababu hii rufaa zinazoshindwa ni nyingi kuliko zinazoshinda. Tumeona ni wajibu wetu kulisema hili mapema, ili mtu asiitumie akiba ya nyumba yake kwa tumaini alilouziwa.

Neno moja katika Essex

Tutoe mfano wa kweli. Katika wilaya ya Braintree, katika jimbo la Essex, kuna kijiji kidogo kiitwacho Blackmore End. Paliombwa ruhusa ya kujenga nyumba 2 za chini, zisizo na ghorofa, nje ya mpaka uliochorwa na halmashauri. Halmashauri ikakataa. Ikakatwa rufaa, na mkaguzi akatoa ruhusa. Halmashauri haikuridhika, ikalipeleka shauri mahakamani.

Ugomvi wote ukakusanyika katika neno moja. Sera ya mwaka 2012 ilizitaka halmashauri zijiepushe na nyumba mpya zilizojitenga mashambani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Je, nyumba iliyojitenga ni ipi? Halmashauri ilisema kuwa nyumba yaweza kuwa na majirani na bado ikahesabiwa kuwa imejitenga, ikiwa iko mbali na maduka, skuli na huduma nyinginezo. Kwa kauli hiyo, karibu kila kitongoji kisicho na duka kingekuwa kimefungiwa mlango.

Mahakama Kuu, Novemba 2017, haikukubali. Halmashauri ikakata rufaa, na tarehe 28 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa nayo ikaikatalia. Jaji Lindblom alieleza kuwa neno lile lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida: nyumba iliyojitenga ni ile iliyo kando au mbali na makazi ya watu. Na makazi ya watu si lazima yawe na duka wala posta. Kitongoji nacho chaweza kuwa makazi. Kama mahali fulani ni makazi, na kama nyumba fulani imetengana nayo, hayo ni mambo ya hali halisi, yatazamwe na mwenye kuamua katika kila shauri. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ililirejea jambo hili katika shauri la Hampshire, ikabainisha kuwa kipimo ni umbali na makazi, si umbali na nyumba nyingine moja moja.

Twajifunza nini? Kwanza, twaona thamani ya kusoma. Nyumba 2 za kijijini ziliwafikisha watu mbele ya majaji wakubwa wa nchi kwa ajili ya maana ya neno moja. Mtu aliyepokea barua ya kukataliwa, ikiwa imeandikwa humo kuwa nyumba yake imejitenga, akaikunja na kuitia sandukuni, amejinyima haki yake kwa uvivu wa kusoma.

Pili, twajifunza kutokupita kiasi. Wako waliodhani baada ya hukumu ile kwamba sasa kila pembe ya kijiji yajengeka. Sivyo. Hukumu iliondoa jiwe moja njiani. Mpango wa mahali bado upo, sura ya kijiji bado hutazamwa, na safari za gari za kila siku bado huhesabiwa. Aliyethibitisha kuwa nyumba yake haikujitenga bado ana kazi ya kuthibitisha kuwa yafaa.

Namna ya kujitayarisha

Barua ya kukataliwa huja na sababu, mara nyingi mbili au tatu, zenye nambari. Pamoja nayo kuna ripoti ya afisa, yenye maelezo marefu zaidi. Mtu na azisome zote mbili, mara tatu ikibidi, kisha aandike kila sababu juu ya karatasi yake peke yake. Ikiwa sababu ya kwanza ni umbali na huduma, basi karatasi hiyo ijibu umbali: ni mita ngapi mpaka kituo cha basi, mabasi hupita mara ngapi, njia ya miguu ikoje, ina taa au haina, mtoto aweza kwenda skuli kwa miguu au hawezi. Apite mwenyewe njia hiyo, kwa miguu, siku ya mvua na siku ya jua, apige picha. Sera ya taifa yenyewe imekubali kuwa njia za usafiri mashambani haziwi kama za mjini. Lakini kukubali huko hakusaidii ikiwa mtu hakuonyesha hali ya mahali pake.

Ikiwa sababu ya pili ni sura ya mahali, ajibu kwa picha na michoro, si kwa sifa. Kusema kuwa nyumba itapendeza hakuna maana. Kuonyesha kuwa kiwanja kiko baina ya nyumba mbili zilizopo, kwamba ua wa miti utabaki, na kwamba paa halitapita kimo cha paa la jirani, hayo yana maana.

Kisha atafute maamuzi ya rufaa yaliyotangulia, hasa ya kijiji kilekile au wilaya ileile. Maamuzi hayo huwekwa wazi kwa kila mtu. Mkaguzi hafungwi na uamuzi wa mwenziwe, lakini mashauri yafananayo yatakiwa yaamuliwe kwa namna moja, na akitengana na mwenziwe yampasa aeleze kwa nini. Hapa pia panahitaji uaminifu. Asichague yale yanayomfaa akayaficha yanayomdhuru, kwani halmashauri itayaleta, na aliyefichuliwa mara moja haaminiwi mara ya pili.

Tena atazame kama ana haki nyingine mkononi. Sheria huruhusu baadhi ya majengo ya kilimo kugeuzwa nyumba kwa utaratibu mwepesi zaidi. Mtu mwenye banda la namna hiyo aweza kusema: mkininyima nyumba hii nzuri, naweza kuligeuza banda lile, na matokeo yake yatakuwa mabaya kuliko haya ninayoomba. Mwaka 2017, katika shauri la East Malling, Kent, Mahakama ya Rufaa ilikubali kuwa jambo la namna hii laweza kupewa uzito, maadamu uwezekano wake ni wa kweli na si wa kubuni.

Mwisho wa hayo, akiri madhara. Hapana ujenzi usio na dhara lolote. Mwandishi anayesema kuwa nyumba zake hazina dhara hata kidogo humfanya msomaji ayatafute madhara hayo mwenyewe. Bali aseme: dhara ni hili, ni dogo kwa sababu hizi, na masharti haya yatalipunguza. Masharti ya kupanda miti, ya kuyalinda maji yasitiririke kwa jirani, ya kutotoa taa kali usiku penye popo, hayo mkaguzi aweza kuyaandika katika ruhusa yake.

Na ikiwa sababu ya kukataliwa ni ya kurekebishika, kwa mfano dirisha linalochungulia kwa jirani au nyumba kuwa kubwa mno, basi huenda rufaa si dawa. Rufaa hutazama mchoro uleule uliokataliwa. Si mahali pa kuubadili. Afadhali mtu arudi kwa halmashauri na mchoro ulio bora kuliko kwenda kutetea kosa.

Sababu ya moyoni na sababu ya ardhi

Sasa tunafika mahali palipo pagumu. Watu wetu wengi huandika katika rufaa zao habari za nyumbani: mama amezeeka, apanda ngazi kwa taabu, watoto watatu wamejazana chumba kimoja, twataka kukaa pamoja kama dini yetu ituhimizavyo. Habari hizi ni za kweli na zinagusa moyo. Kumweka mzazi karibu ni jambo tukufu, wala hatutaki mtu alionee haya. Lakini kwa kawaida hazishindi rufaa, na mwenye kuzitegemea peke yake hurudi amevunjika moyo, akisema kuwa amedhulumiwa kwa asili yake au kwa dini yake.

Sababu yake ni hii. Ruhusa ya kujenga huifuata ardhi, haimfuati mtu. Mama atafariki, watoto watahama, nyumba itauzwa, na bado itakuwa imesimama pale miaka 100. Mkaguzi hana budi kuipima nyumba kwa umri wake wote, si kwa miaka michache ya haja yetu. Haja ya mtu binafsi yaweza kusikilizwa na kupewa uzito wake, na mara chache ikawa ndiyo iliyotimiza kipimo. Lakini ije baada ya hoja za ardhi, isije mahali pake.

Wala hatusemi kuwa dhuluma haipo. Twasema kuwa mtu asiitangaze dhuluma kabla ya kuijibu sababu iliyoandikwa. Akiijibu vizuri, na ikaonekana kuwa haikuwa na msingi, hapo hata asiyempenda hataweza kuisimamisha tena.

Mlango wa nyuma

Wako wachovu wa subira wanaosema: jenga tu kimyakimya, wakigundua itakuwa imekwisha pita. Kwa hawa tuna habari ya Hertfordshire. Mtu mmoja huko alipata ruhusa, mwaka 2001, ya kujenga banda la nyasi kavu. Akajenga kitu ambacho kwa nje ni banda, na kwa ndani ni nyumba kamili ya kukaa. Akakaa humo na mkewe miaka 4, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilisema kuwa nyumba iliyokaa miaka 4 bila ya kuchukuliwa hatua haiguswi tena. Muda ulipotimia akajitokeza kudai haki yake. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2011 majaji wakaamua kuwa mtu hawezi kuvuna faida ya hila aliyoikusudia tangu mwanzo. Tena tangu Aprili 2024 muda wenyewe umeongezwa katika Uingereza, kutoka miaka 4 kuwa miaka 10.

Basi tazameni tofauti ya watu hawa. Wale wa Essex walitoka hadharani, wakakataliwa hadharani, wakajibu hadharani, na neno lao likasimama mpaka Mahakama ya Rufaa. Huyu wa Hertfordshire alificha, na juu ya maficho yake sheria haikumpa msingi.

Kwa vijana wetu, na kwa wazee wao

Enyi vijana, ninyi mmesoma skuli za nchi ile na lugha yake mnaijua kuliko wazazi wenu. Mara nyingi barua ya halmashauri huletwa kwenu mezani, na mzee akauliza: wasemaje hawa? Msijibu kwa neno moja, kwamba wamekataa. Msomeeni sababu zote, moja moja, mweleze tarehe ya mwisho, na mwandikieni. Ikiwa shauri ni zito, mtafuteni mshauri wa mipango aliye mwaminifu, naye aulizwe mapema atalipwa nini na aonavyo ni nini tumaini la kushinda. Mshauri anayeahidi ushindi ni wa kuogopwa, kwa kuwa hapana ajuaye mkaguzi ataonaje.

Na ninyi wazee, kabla ya kutuma ombi, piteni kwa jirani. Mpelekeeni mchoro, mwulizeni kinachomkera. Huenda ni dirisha moja tu, au lori la mchanga kupita mlangoni pake wakati watoto watokapo skuli. Jambo la dirisha hurekebishwa kwa kalamu. Barua 20 za kupinga hazihesabiwi kama kura, maana mkaguzi hutazama hoja wala si wingi. Lakini jirani aliyetulizwa ni faida ambayo haiandikwi katika uamuzi wowote, na mtaishi naye baada ya mkaguzi kurudi Bristol.

Ikiwa baada ya yote hayo rufaa imekataliwa, ziko wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, kwa kosa la sheria tu. Kama hapana kosa la sheria, ni bora kuikubali hukumu kwa moyo mkunjufu. Kukataliwa kwa haki si aibu. Huenda kikapatikana kiwanja kingine, ndani ya mpaka, karibu zaidi na msikiti na skuli kuliko kile tulichokipenda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wote wanaotafuta maskani nyumba zenye amani, na majirani wema, na subira ya kuitafuta haki kwa njia yake. Wabillahi Tawfiq.